Pikapu ya Porini: Anza na Uzito, Winchi Itafuata

Pikapu ya dabo kebini kama Toyota Hilux inaruhusiwa kubeba takriban tani moja, pungufu kidogo kwa baadhi ya matoleo, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na abiria wake. Wengi wanaotaka kuigeuza gari la safari za porini hawaanzi na hesabu hiyo. Wanaanza na picha waliyoiona kwenye simu: bampa kubwa la chuma, hema juu ya paa, taa nane, madumu ya mafuta ubavuni.

Basi tuhesabu. Bampa la chuma la mbele, kilo 60. Winchi na waya wake, 35. Bampa la nyuma pamoja na tairi la pili la akiba, 80. Kava la bodi, 90. Hema la juu, 60. Betri ya pili, 25. Bamba la kukinga injini chini, 40. Friji iliyojaa, 45. Maji lita 60, ambayo ni kilo 60 kamili. Dizeli ya akiba lita 40 na madumu yake, kama kilo 42. Hapo ni zaidi ya kilo 530, na hajapanda mtu. Wapande watu wanne wa kawaida, ongeza 300. Weka mabegi, chakula, jiko, jeki na sanduku la spana, na tani imekwisha. Gari halijafika hata Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye pikapu ni kwamba kila kifaa kiulizwe kina kilo ngapi kabla ya kuulizwa bei. Njia mbovu huliumiza gari, lakini njia mbovu pamoja na uzito uliozidi hulivunja. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ziwa Natron inalifundisha hilo vizuri kuliko gereji yoyote: vumbi la volkano, mawe makali, makorongo ya mchanga yanayobadilika kila baada ya mvua kubwa, na vipande virefu vilivyojikunja kama bati ambavyo hutikisa kila nati mpaka ilegee.

Cha kwanza kununua ni matairi. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, iwe hayo. Tairi linalokuja na gari jipya mara nyingi limetengenezwa kwa lami, lina ubavu mwembamba, na jiwe la volkano halilionei huruma. Tafuta tairi la njia zote lenye alama ya LT, yaani lililojengwa kwa magari ya mizigo, lenye ubavu mzito. Tairi la matope lenye meno makubwa linapendeza macho, nami nakiri linafaa kwa anayeishi kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hujaza meno ya tairi la kawaida na kuligeuza kuwa mpira laini. Kwa msafiri ambaye nusu ya safari yake ni lami, litamchosha kwa kelele na kuisha haraka.

Halafu nunua pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, na kipimo kizuri cha upepo. Hapa ndipo penye siri ambayo haina fahari ya kupigwa picha. Kwenye lami, pikapu yenye mzigo inaweza kwenda na psi 35 au zaidi, kufuatana na kibandiko cha mlangoni na uzito uliobebwa. Kwenye changarawe iliyojikunja, kushusha hadi 28 hivi hupunguza mtikisiko kwa gari zima. Kwenye mchanga mzito, 18 hadi 20. Ukipunguza upepo, tairi hurefuka pale linapogusa ardhi, uzito ukasambaa, na gari likapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Waaislandi wameifanya hiyo kuwa sayansi. Kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza mwaka 1990, hufunga Hilux matairi ya inchi 38 na kuyashusha hadi psi chache tu ili yapite juu ya theluji. Kwa magari ya aina hiyo, kipindi cha Top Gear cha BBC kiliweza mwaka 2007 kuendesha hadi mahali ilipokuwa ncha ya kaskazini ya sumaku mwaka 1996. Injini ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na upepo uliotolewa.

Sharti lake ni moja: upepo ukishuka, na mwendo ushuke. Tairi laini linalokimbizwa hujikunja ubavuni, hupata joto, na hupasuka. Ukirudi kwenye lami, simama ujaze. Dereva anayesema atajaza mbele kwenye kituo cha mafuta ndiye anayebadilisha tairi njiani.

Kuhusu ukubwa, hatua moja juu ya saizi ya kiwanda inatosha. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 3.4. Mshale ukionyesha 80, gari liko karibu 83, na trafiki mwenye tochi haulizi mshale wako ulisema nini. Matairi makubwa zaidi ya hapo hugusa matao, huongeza kazi kwa breki, na hula mafuta.

Baada ya matairi ndipo springi na shokapu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mteja huingia gereji na kusema, "Ninyanyulie gari." Fundi mzuri humuuliza kwanza, "Utabeba nini kila siku?" Springi ngumu za kubeba kilo 500 zikifungwa kwenye gari linalotembea tupu hulirusha nyuma kama mbuzi, na springi laini kwenye gari lililofungwa kava na hema siku zote hulala. Uzito unaokaa kwenye gari muda wote ndio unaochagua springi. Njia rahisi ya kuujua ni kulipeleka gari likiwa na kila kitu kwenye mzani wa kupimia malori, na kuomba ekseli ya mbele ipimwe peke yake na ya nyuma peke yake. Tarakimu mbili hizo zitamsaidia fundi kuliko maelezo ya saa nzima.

Kunyanyua kwa sentimita 4 hadi 5 kunatosha kwa pikapu yenye springi huru mbele, kama Hilux nyingi za siku hizi. Zaidi ya hapo, shafti za mbele hukaa kwa pembe kali, raba zake hupasuka, vumbi huingia, na jointi huanza kugonga. Land Cruiser ya 79 ina ekseli nzima mbele juu ya koili na majani ya springi nyuma, hivyo huvumilia zaidi, na ni sababu mojawapo ya Arusha kuwa mji wa kuzikata, kuzirefusha na kuzigeuza magari ya watalii. Lakini hata hiyo ikinyanyuliwa sana huyumba kwenye kona. Usisahau kurekebisha taa baada ya kunyanyua. Nusu ya pikapu zinazopofusha watu usiku zina taa zinazotazama mbinguni.

Shokapu zisichukuliwe kama nyongeza. Kwenye barabara iliyojikunja, kila shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa dakika, na mtikisiko wote huo hugeuka joto. Mafuta ya ndani yakichemka hutoa povu, shokapu hulegea, na gari huanza kuteleza upande kama limepakwa sabuni. Kampuni nyingi hutengeneza shokapu zenye mwili mkubwa na gesi kwa ajili hiyo. Isitoshe, kupumzika dakika kumi chini ya mgunga ili zipoe ni bure.

Sasa onyo kuhusu mifuko ya hewa inayofungwa nyuma ili gari lisilale. Inafanya kazi yake, tena ni rahisi kuifunga, na ndiyo iliyopindisha chasisi nyingi za dabo kebini duniani. Sababu ni hii: kwenye dabo kebini sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli. Ukiweka huko tairi la pili, madumu na trela, uzito huo unakuwa na mkono mrefu. Mfuko wa hewa nao husukuma chasisi juu mahali pamoja tu, katikati ya yale majani ya springi yaliyokuwa yakigawanya mzigo sehemu mbili. Gari likitumbukia shimoni kwa kasi, chasisi hukunjika nyuma ya kebini. Mizigo mizito ikae mbele ya ekseli ya nyuma, chini, karibu na kebini. Maji na betri hapo. Mkiani viachwe viti na mahema.

Kujinasua ni somo la tatu, na ndilo lenye kuua. Pikapu zinazoshuka melini Dar es Salaam au Mombasa huja na vitanzi vyembamba chini ya bampa. Vingi vyake ni vya kulifungia gari lisihame melini, na havikuundwa kuvutia gari lililozama. Funga ndoano zilizopimwa, kwa bolti ngumu, pande zote mbili za chasisi. Kamwe usifunge kamba kwenye lile tufe la chuma la kuvutia trela. Likikatika huruka kama risasi, na wapo watu waliokufa kwa njia hiyo. Ndani ya gari kuwe na koleo, kamba inayonyumbuka, pingu mbili za chuma zenye kiwango kilichoandikwa, na vibao viwili vya kuwekea chini ya tairi. Seti hiyo haifiki uzito wa winchi, na kwa mchanga wa Natron hufanya kazi mara nyingi zaidi, maana huko winchi mara nyingi haina mti wa kufungia. Winchi ninaiheshimu kwa msafiri anayekwenda peke yake msimu wa mvua. Kwa wengine ni pambo la kilo 35 puani mwa gari.

Difu loki ya nyuma huja na matoleo mengi ya Hilux, na ukiunganisha na gia ya lo unakuwa na zana ambayo wengi hawajui kuitumia. Ifunge kabla hujaingia tope, ukiwa umesimama au unakwenda taratibu, na uifungue ukifika kwenye ardhi ngumu.

Snokeli hutajwa kama kifaa cha kuvukia mito. Manufaa yake makubwa kwetu ni kwenye vumbi: huvuta hewa kutoka juu ya wingu la gari lililo mbele, na filta hudumu. Kuhusu maji, Toyota inataja sentimita 70 kwa Hilux iliyotoka 2015, na Ford sentimita 80 kwa Ranger. Snokeli haikuongezei kina hicho kama umeme na difu haziko tayari. Difu iliyopata moto ikiingia maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu lake dogo la kupumulia. Mpira mwembamba unaopandisha tundu hilo hadi juu kwenye chumba cha injini bei yake ni ndogo, na huokoa mafuta ya difu nzima.

Kuhusu umeme nitasema mambo mawili. Kila waya unaotoka kwenye betri upate fyuzi yake karibu na betri, si mwishoni. Na fundi yeyote anayetaka kuchomelea chasisi atoe kwanza vichwa vya betri, la sivyo ataunguza kontrol boksi, na gari la dizeli la kisasa bila kontrol boksi ni banda la kuku. Chujio la ziada la dizeli nalo lina thamani kubwa, kwa kuwa injini za Toyota za D-4D na nyinginezo zenye nozeli za presha kubwa huumizwa na maji na uchafu wa mafuta yaliyouzwa kwenye madumu.

Wapo wanaochukua mfano wa magari ya Rhino Charge nchini Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uhifadhi wa Aberdare. Timu hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi. Magari yale yamekatwa na kujengwa upya kwa kazi ya siku moja, na mengi hufikishwa huko juu ya malori. Gari la familia linalotakiwa kwenda Turkana na kurudi kwa magurudumu yake lina kazi tofauti.

Kwa hiyo chagua vifaa ambavyo vipuri vyake viko Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, si vile vinavyosubiri meli wiki sita. Mwambie wakala wa bima umebadilisha nini, kwa maandishi. Na baada ya kufunga springi mpya, tembea kilomita mia tano za kwanza kisha rudi gereji ukaombe nati za yu-bolti zikazwe upya, kwa sababu majani mapya hulala na bolti hulegea. Gari likiondoka kwenda porini bila kukazwa, ekseli inaweza kuhama, na spana ya kazi hiyo haimo kwenye sanduku la wengi. Wape mafundi wako muda wafanye hilo kabla ya safari yoyote.