Dondoo muhimu: Tua, usilifukuze wazo

Wazo baya likikuganda kichwani, utaambiwa "usilifikirie". Ushauri huo haufai. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner aliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia. Kengele ziliendelea kulia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa. Kwa hiyo kutua si kufukuza. Tuseme bosi kasoma ujumbe wako wa WhatsApp, kimya: weka simu chini, vuta pumzi taratibu, kisha jiambie, "Nawaza kwamba nitafukuzwa kazi." Ni wazo hilo, bado si habari.

Wapo watakaosema huko ni kukwepa tatizo, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa kuvuta pumzi. Kweli hailipwi. Lakini utafiti wa Sonja Lyubomirsky na Susan Nolen-Hoeksema wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wenye huzuni wanaoendelea kuirudiarudia mawazoni hutatua matatizo vibaya kuliko waliohamishwa mawazo kwanza. Basi tua dakika chache, halafu mpigie mwenye nyumba. Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya ukamwone daktari.