Nani anamkingia nani? Msamiati wa mbio za baiskeli baada ya mashindano ya dunia ya Kigali

1. Utangulizi

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025 tulikaa watu kumi na mmoja mbele ya televisheni moja, hapa Lubumbashi, kutazama mbio za mwisho za mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mtangazaji alikuwa anasema Kifaransa. Baba yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi alileta makala mjini kwa kinga (yaani mkaa kwa baiskeli, si makala hii unayoisoma), hakisikii vizuri Kifaransa. Kazi ya kumweleza ikanipata mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika.

Nilishindwa upesi. Kila nilipofika penye jambo lenyewe, nilirudia neno la mtangazaji: «peloton», «échappée», «domestique». Baba mdogo aliniuliza:

(1) Bale bantu banakimbia pamoya juu ya nini? Si banashindana?

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii. Ninataka kuonyesha kwamba Kiswahili, sanifu na cha kwetu, kina maneno ya kueleza mbio hizi, na kwamba maneno hayo tutayapata tukianza na tendo lenyewe barabarani, si na kamusi ya Kifaransa. Nitaeleza kwanza mashindano na mahali pake, kisha upepo, kisha maneno.

2. Mashindano na mahali pake

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yanaongozwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI. Yalianza mwaka 1921 huko Copenhagen kwa wasiolipwa. Wanaolipwa walipata mbio zao mwaka 1927 huko Nürburgring, Ujerumani, na wanawake mwaka 1958 huko Reims, Ufaransa. Mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, yalifanyika Afrika: Kigali, tarehe 21 hadi 28 Septemba.

Msomaji wa Kongo hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka mwaka wenyewe. Goma ilitekwa na M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Mwezi huo wa Februari Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoiomba UCI iyafute mashindano ya Kigali ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo. UCI haikuyafuta. Wapo wanafunzi wenzetu waliokataa kutazama hata mita moja, na sina neno la kuwajibu. Mimi nilitazama, na sikutazama kwa moyo mweupe. Lakini jambo moja linatuhusu sisi wa lugha: Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na kwetu ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mbio zilikimbiwa katika nchi yenye Kiswahili rasmi, jirani na nchi yenye mamilioni ya Waswahili, na bado maneno yake yalitufikia kwa Kifaransa.

Mashindano haya yana tabia moja inayoyatenga na mbio nyingine za mwaka. Kwa kawaida mkimbiaji anaajiriwa na timu ya biashara, na ndiyo anayoifanyia kazi. Kwenye mashindano ya dunia anavaa rangi za nchi yake. Wenzake wa kazini wanageuka wapinzani, na wapinzani wake wanageuka wenzake, kwa siku moja. Tena hakuna redio masikioni: habari za nani yuko mbele na kwa muda gani zinaandikwa kwenye ubao unaobebwa na pikipiki. Lililobaki wanaambiana kwa mdomo, huku wanahema.

3. Upepo

Swali la baba mdogo lina jibu la kifizikia. Kwenye barabara tambarare, mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa anatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa. Anayemfuata karibu na gurudumu lake la nyuma anaikuta hewa imekwisha kupasuliwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu. Kwa hiyo watu mia moja wanaoshindana wanakimbia pamoja kwa sababu pamoja ni rahisi kuliko peke yako. Na kwa sababu hiyo hiyo kila timu inawapanga baadhi ya watu wake kukaa mbele, wapigwe na upepo, ili mmoja wao afike mwisho akiwa na miguu mizima.

Mlimani mambo yanabadilika. Mwendo unapungua, upepo unapungua nao, na mzigo mkubwa unakuwa uzito wa mwili. Mbio za wanaume za Kigali zilikuwa za kilomita 267.5, na kupanda kwake, ukijumlisha vilima vyote, kulizidi mita 5,400. Walianza watu 165, walimaliza 30.

Nilipojaribu kumweleza baba mdogo habari za hewa, alinikatiza:

(2) Ule wa mbele anamukingia mwenzake mupepo. Na siye tulikuwaka tunafanya vile.

Akaeleza jinsi wabeba makala walivyotoka porini usiku kwa mstari, mwenye nguvu mbele, na jinsi walivyobadilishana. Kwenye mpando waliacha baiskeli moja chini, wakasukuma nyingine watu wawili, kisha wakarudi. Nikafunga mdomo, nikachukua kalamu.

4. Maneno

4.1 Mkingaji. Kifaransa kinamwita mtu huyu «domestique», yaani mtumishi wa nyumbani. Tukitafsiri «mtumishi», tunapotea, kwa sababu hapa Kongo mtumishi ni kwanza mtumishi wa Mungu, mtu wa kiti cha mbele. Tukisema «msaidizi», hatujasema anasaidia nini. Sentensi ya (2) inatupa kitenzi -kinga, na tazama kazi ya mnyambuliko:

kukinga upepo: kuuzuia
kumkingia mtu upepo: kuuzuia kwa faida yake
kukingiana upepo: kila mmoja kwa faida ya mwenzake

Kiambishi cha kutendea kinamwingiza ndani ya kitenzi yule anayefaidi. Kifaransa kinampa mtu jina la hadhi yake. Kiswahili kinampa jina la tendo lake na kinauliza papo hapo: anamkingia nani? Ninapendekeza «mkingaji».

Lipo pia jambo la kupendeza, ingawa silijengei hoja. Katika Kiswahili cha Lubumbashi baiskeli yenyewe ni «kinga», Kirundi kinasema «ikinga», Kinyanja «njinga». Mfanano wa kinga hiyo na kitenzi -kinga ni wa sauti, na mwanaisimu hapaswi kuugeuza kuwa ukoo bila ushahidi. Lakini mtu wa Lubumbashi hatalisahau neno «mkingaji» akilisikia mara moja.

4.2 Msafara. «Peloton» linasikika kwa wanaochanganya lugha katika ngeli ya 9: «peloton imekatika». Neno «kundi» linafaa, ila kundi linaweza kusimama mahali pamoja. «Msafara» lina mwendo ndani yake, lina mpangilio, na lina wazo la watu wasio wa ukoo mmoja wanaohitajiana njiani. Ngeli ya 3 inalipa upatanisho mwepesi: msafara umekatika, msafara umewafikia.

4.3 Kuchomoka. Watangazaji wa mpira wanalitumia kila wiki. Mzizi ni -chom-, kuingiza kitu chenye ncha, chomoa, kukitoa, chomoka, kutoka. Kiambishi cha kutendua kinasema kwamba kitu kilikuwa kimeshikwa. Mkimbiaji anayechomoka alikuwa ameshikwa na msafara na faida zake zote, naye anaziacha. «Shambulio», linalotafsiri «attaque» neno kwa neno, linaonyesha mtu anayempiga mwenzake. «Kuchomoka» linaonyesha mtu anayeuacha usalama. Ukitazama mbio, utaona la pili ndilo kweli.

4.4 Mbio za saa. Kifaransa kinasema «contre la montre», na wengine wanatafsiri «dhidi ya saa», kana kwamba saa ni adui. Kila mmoja anaondoka peke yake kwa zamu, na hakuna ruhusa ya kukingiwa. «Mbio za saa» latosha. Katika mbio hizo za Kigali, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimfikia na kumpita Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyekuwa ameondoka kabla yake, akashinda. Mbio za saa za timu za wanaume na wanawake, ambapo watatu wakimaliza watatu wengine wanaanza, zina jina tayari: mbio za kupokezana. Australia ilishinda.

4.5 Jezi ya upinde. Bingwa anavaa kwa mwaka mzima jezi nyeupe yenye mistari mitano: buluu, nyekundu, nyeusi, manjano na kijani. Inaitwa jezi ya upinde wa mvua, ingawa upinde wa mvua hauna nyeusi. Tafsiri hii imekwisha kuzoeleka, tuiache.

5. Kuyajaribu maneno

Msamiati unapimwa kwa kazi. Hebu tusimulie mbio za tarehe 28 kwa maneno haya peke yake:

(3) Kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki kilomita kama 100, Pogačar alichomoka kutoka kwenye msafara. Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Meksiko wakaungana naye. Mwaka huo wa 2025 watu hawa watatu walikuwa wanavaa jezi ya timu moja ya biashara. Siku hiyo kila mmoja alikuwa wa nchi yake. Ayuso akaachwa, kisha del Toro. Pogačar akaenda peke yake zaidi ya kilomita 60 bila mtu wa kumkingia, akatwaa jezi ya upinde kwa mara ya pili mfululizo. Evenepoel alikuwa wa pili, Ben Healy wa Ireland wa tatu.

Nilimsomea baba mdogo aya hiyo. Aliuliza swali moja tu: Ayuso na del Toro walikuwa wanamkingia nani, nchi zao au rafiki yao? Ni swali ambalo mashindano haya yanalizua kila mwaka, na mtu asiyejua Kifaransa alilifikia kwa kitenzi kimoja.

6. Pingamizi na hitimisho

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba ninakataa kukopa. Sikatai. Breki, pedali, cheni na tairi ni maneno ya kukopa, na hakuna anayeona shida. Kifaa kilifika na jina lake. Lakini kupokezana, kukingiana na kuchomoka ni matendo ya watu, na watu walikuwa wanayatenda kwenye njia za makala kabla ya televisheni. Penye tendo tuwasikilize kwanza wanaolitenda.

Jambo la mwisho. Orodha ya matokeo ya Kigali inaonyesha majina 30, na mbele ya mengine 135 alama moja tu: hakumaliza. Wengine kati yao walishindwa na vilima. Wengine walikuwa wamemaliza kazi yao: walikaa kwenye upepo hadi nguvu zikaisha, wakashuka. Orodha haiwatofautishi. Lugha yenye neno «mkingaji» inaweza.

Mazoezi

a) Nyambua kitenzi -pokea hadi «pokezana», ueleze kazi ya kila kiambishi.
b) Tafuta kwa wabeba mizigo wa baiskeli wa mtaani kwako maneno matatu wanayoyatumia kwenye mpando. Yaandike jinsi wanavyoyatamka.
c) «Msafara umemmeza.» Je, sentensi hii inafaa kwa mkimbiaji aliyechomoka kisha akafikiwa? Toa sababu.