SOMO LA MANUNUZI: NAMNA YA KUCHAGUA KATALOGI YA KOMPYUTA

Maafisa wote wanaoshughulikia manunuzi, pamoja na walimu wakuu na wakuu wa vituo vya afya waliokabidhiwa dhamana hiyo, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini. Mfano wake umechukuliwa mbali na bahari, katika kata ya Mabamba, Wilaya ya Kibondo, mpakani mwa Tanzania na Burundi. Kutoka Kibondo hadi mjini Kigoma, kwa njia ya Kasulu, ni zaidi ya kilomita 200. Mahali pa namna hiyo kosa la kuagiza halirekebishwi kwa kupiga mguu hadi duka la pili.

Katalogi ya kompyuta ni orodha ya bidhaa yenye maelezo, kipimo na bei, ambayo mnunuzi huisoma katika mtandao na kuagizia humo humo. Zote hufanana kwa sura. Linalozitenga ni swali la nani anayeitunza orodha na nani mwenye uwezo wa kubadilisha bei.

Ya kwanza ni katalogi ya muuzaji mwenyewe. Mnunuzi huingia katika duka la muuzaji kupitia mtandao na kujaza kikapu. Pale mifumo miwili ilipounganishwa, kikapu hicho hurudi ofisini kwa ajili ya kuidhinishwa. Orodha huwa mpya kila siku na mnunuzi hana kazi ya kuitunza. Lakini bei ni ya muuzaji, naye anaweza kuipandisha usiku mmoja. Ya pili ni katalogi ya mnunuzi: wazabuni hushindanishwa kwanza, bei hufungwa kwa mkataba, kisha orodha huwekwa katika mfumo wa mnunuzi. Hapa ulinzi ni mkubwa, na kazi vile vile ni kubwa, kwa sababu orodha isiyosahihishwa hugeuka orodha ya vitu visivyopatikana. Ya tatu ni soko la pamoja, ambamo mtu wa tatu hukusanya wauzaji wengi. Ulinganishaji wa bei huwa rahisi mno humo. Ubora wa mali ndio wa kuchunguzwa.

Mfano wa dawa unaonesha vizuri namna aina mbili zinavyoweza kusaidiana. Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ina katalogi yake, nacho kituo cha afya cha umma cha Bara huagiza huko kwanza. Dawa ikikosekana, hutumika utaratibu wa mshitiri, ujulikanao kwa jina la Jazia, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa Bara nzima mwaka 2018. Mkoa huchagua mshitiri kwa ushindani na kukubaliana naye bei. Vituo vyote vya mkoa huagiza kwa orodha hiyo moja. Kwa hivyo, mganga wa Mabamba hana haja ya kwenda kubembeleza bei katika maduka ya dawa wakati wagonjwa wanasubiri. Kwa maoni yetu, kwa kituo kidogo hakuna katalogi iliyo bora kuliko ile ambayo bei yake imekwisha kupiganiwa na mwenye nguvu zaidi.

Katika kulinganisha, kipimo kiangaliwe kabla ya bei. Kopo la tembe 1,000 na boksi la tembe 100 huweza kuandikwa kwa jina lile lile la dawa, na anayesoma tarakimu ya mwisho peke yake ataona boksi ni rahisi.

Jambo la pili ni usafiri. Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyokuwa bei ya soko. Skuli ya Mabamba inahitaji mifuko 100 ya saruji ya kilo 50, yaani tani 5. Katalogi moja inataja shilingi 16,000 kwa mfuko ghalani Kigoma, na lori ni shilingi 4,500 kwa mfuko. Mfanyabiashara wa Kibondo anataja 19,000, na kufikisha skulini ni 1,000. Wa kwanza amekuwa 20,500, wa pili 20,000. Tofauti ni shilingi 50,000 kwa shehena nzima, kinyume cha ilivyoonekana katika kioo cha kompyuta. Bei inayolinganishwa iwe ile ya mlangoni.

Ifahamike pia kwamba katalogi haiondoi sheria. Bara, manunuzi ya umma yako chini ya Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, na mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, ulichukua nafasi ya ule wa TANePS. Mali zitumikazo na taasisi nyingi hupatikana kwa mikataba maalumu ya Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini. Mkuu wa skuli aliyeona bei nzuri katika duka la mtandaoni hawezi kulipa tu kwa simu yake kisha akatafuta hati baadaye.

Mwisho, pale mtandao unapokatika mara kwa mara, orodha ichapishwe siku ya kuagiza, iandikwe tarehe na kuwekwa pamoja na hati ya kuagizia mali. Mzigo ukifika na ankara yenye bei nyingine, karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani mbele ya mzabuni.