Jani la Boga Likigeuka Fedha

Ukiona majani machanga ya boga au zukini yanang'aa kama bati jipya kandokando ya mishipa, usikimbilie dawa ya ukungu. Pitisha kidole kwanza. Ubwiri unga huacha vumbi jeupe kidoleni. Rangi ya fedha haifutiki, maana imo ndani ya jani lenyewe.

Zipo aina za maboga zenye mabaka ya fedha kiasili. Hayo hukaa kwenye pembe za mishipa, hufanana shamba zima na hayaenei. Ugonjwa huanzia kwenye mishipa, kisha hutambaa hadi jani zima likageuka, huku upande wake wa chini ukibaki kijani.

Wanaouleta ni tunutu wa nzi weupe. Wakifyonza utomvu, ngozi ya juu ya majani yanayochipua huachana na seli za kijani zilizo chini yake, na hewa hujaa katikati. Hewa hiyo ndiyo inayoakisi mwanga ukarudi nje. Umbijani nao hupungua, kwa hiyo jani hutengeneza chakula kidogo. Pingili na vikonyo hufupika, mmea hudumaa, na matunda hutoka yamepauka, mnunuzi akayakwepa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanakagua jani lililong'aa, kumbe tunutu wako kwenye majani yaliyokomaa zaidi. Geuza hayo. Utaona vidoa bapa vyenye umanjano hafifu, vimeganda palepale. Wachache tu kwa shina wanatosha kuleta madhara.

Nyunyizia maji ya sabuni laini au mafuta ya mwarobaini jioni, ukilenga chini ya majani, na urudie baada ya siku chache kwa kuwa mayai hunusurika. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko; majani haya tunayala mboga! Mwagilia vizuri, kwani ukame huzidisha tatizo. Msimu ujao, ng'oa mabaki ya zao la zamani kabla ya kupanda na ufunike miche kwa neti, ukiifunua inapotoa maua ili nyuki waingie.

Usiyakate majani ya fedha. Hayatarudi kijani, lakini bado yanalisha mmea kiasi. Tazama yanayochipua baada yake: tunutu wakiisha, hayo hutoka kijani.