Kudai talaka wakati mwenzi hajulikani aliko

Wengi waliotelekezwa hukaa miaka bila kufungua shauri kwa kuamini kwamba talaka haitoki mpaka mwenzi apatikane, aitwe barazani na asuluhishwe. Kwa Tanzania Bara sivyo. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lakini kifungu cha 101 kinamwondolea sharti hilo anayedai kuwa ametelekezwa na hajui mwenzake aliko. Anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja, hata mahakama ya mwanzo. Karani akiuliza hati ya baraza, mwonyeshe aya ya madai yako inayosema hivyo. Iandike kwa kunyooka, usiifiche katikati ya malalamiko mengine.

Ila kutojua aliko si sawa na kutopokelewa simu. Kama shemeji anakuletea salamu zake kutoka machimboni Geita, mume huyo anajulikana aliko, na baraza linapaswa kumwita. Akikaidi wito kwa makusudi, hapo sheria inakupa njia nyingine ya kwenda mahakamani.

Kutelekezwa kunakubalika kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika iwapo kumedumu miaka mitatu au zaidi, na mahakama iridhike kuwa aliyeondoka alikusudia. Aliyekwenda kutafuta maisha akawa anatuma hela ya matumizi hajatelekeza mtu. Hata miaka hiyo ikitimia, talaka haiji yenyewe, kwa kuwa hakimu bado atapima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kama kabla ya kutoweka kulikuwa na vipigo au ugoni, vitaje pia.

Mashauri ya namna hii hukwama zaidi kwenye ushahidi wa kumtafuta. Hakimu atataka kujua: mara ya mwisho mliongea lini? Mama yake anasemaje? Kazini kwake ulikwenda? Jibu la “nimetafuta kila mahali” halina uzito. Lenye uzito ni daftari lenye tarehe ulizokwenda kwao na uliyemkuta, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji inayosema tangu lini haonekani, taarifa ya polisi kama uliitoa, na ujumbe wa simu usiojibiwa. Ndugu wa upande wake akikubali kutoa ushahidi, huyo anazidi mashahidi watatu wa upande wako. Wakwe mara nyingi hukataa, na mimi siwalaumu, lakini waulize mbele ya mtu ili kukataa kwao nako kujulikane.

Mahakama haiwezi kusikiliza shauri kimyakimya. Wito usipomfikia kwa njia ya kawaida, omba kibali cha kuufikisha kwa njia mbadala, kwa kawaida ukiambatanisha hati ya kiapo inayoeleza ulivyomtafuta. Nakala inaweza kubandikwa mahakamani na kwenye nyumba aliyoishi mara ya mwisho, au tangazo likatolewa gazetini. Tunza nakala ya gazeti hilo. Asipotokea, shauri litasikilizwa upande mmoja, nawe bado utatakiwa kuthibitisha madai yako. Usithubutu kuficha namba yake mpya au mtaa anaokaa. Akijitokeza na kuonyesha ulikuwa unajua, anaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe.

Hali ni tofauti kama hata watu ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, wazazi na watoto wake, hawajasikia lolote kwa miaka mitano. Hapo sheria inaruhusu kudhaniwa kuwa amefariki, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, na mwenzi anaweza kuomba tamko la mahakama. Zungumza na mwanasheria kabla ya kuchagua, maana kwenye talaka mali ya ndoa hugawanywa, ila kwenye kifo mnaingia kwenye mirathi.

Katika madai hayohayo ya talaka, omba pia malezi ya watoto na mgawanyo wa mali. Mwanamke asiyekuwa na mshahara asijitoe mapema: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Peleka mkataba wa kununulia kiwanja na risiti ulizonazo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awaone wasaidizi wa kisheria, au mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, TAWLA au WLAC.

Waislamu wa Bara wazingatie kwamba faskhi (kuvunjwa kwa ndoa) ya shehe peke yake haitoshi mbele ya sheria ya nchi, bado mahakama inahitajika. Zanzibar ina utaratibu wake wa Mahakama ya Kadhi.

Hukumu ikitoka, chukua nakala zenye mhuri. Rufaa hukatwa ndani ya siku 45, kwa hiyo usipange harusi mpya kabla muda huo haujapita.