Waya Una Mwisho: Somo la Busara kwa Anayeondoa Theluji Nyumbani



Vijana wapendwa, somo la leo ni la mikono zaidi kuliko vitabu. Wengi wetu tuna kaka, dada au rafiki wa jumuiya aliyehamia Minnesota, Maine au Ontario kwa masomo au kazi, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mmehama wenyewe. Mwaka wa kwanza mtu anapewa ushauri mwingi kuhusu koti na viatu. Lakini kuhusu ile theluji iliyojaa kwenye njia ya gari, kati ya nyumba na barabara, anaambiwa tu: "Nunua mashine." Haya, tuizungumzie hiyo mashine, hasa ile ndogo inayotumia umeme wa waya. Bei yake ni nafuu kuliko ya petroli, haina moshi, na mtu anayeanza maisha mara nyingi huanza nayo.

Katika zile fadhila nne za msingi tulizofundishwa kwenye katekisimu, ya kwanza kutajwa ni busara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaieleza kuwa ni akili nyofu katika mambo ya kutenda. Zingatia neno hilo: kutenda. Mtu anaweza kujua mengi na bado asijue kipi kianze, kipi kifuate, na wapi asimame. Sasa mashine yetu ina waya, na waya una mwisho. Shika hilo, maana mengine yote katika somo hili yanatoka hapo.

1. Ijue mashine yako

Mashine za kurusha theluji zina historia Kanada. Arthur Sicard wa Quebec alitengeneza ya kwake mwaka 1925, na mwaka 1927 akauza moja kwa mji wa Outremont, pale Montreal. Ile ilikuwa kubwa, ya kusafisha barabara za mji. Hii ya nyumbani inafanana zaidi na mashine ya kukatia majani: unaishika mpini na kuisukuma, ina magurudumu mawili, na mbele kuna mapanga ya plastiki au yenye ncha za mpira. Yakizunguka, yanachota theluji na kuirusha kupitia bomba fupi ambalo unaweza kuligeuza kushoto au kulia.

Nyingi za aina hii zinasafisha upana wa sentimita 45 hadi 50 kwa mkupuo mmoja, na zinamudu theluji yenye kina cha sentimita 20 hadi 25. Ni nyepesi, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuibeba. Mapanga yake yanagusa chini kabisa, kwa hiyo inafaa kwenye lami na zege. Kwenye kokoto usiitumie, itarusha mawe. Na kabla theluji haijaanguka, ondoa kapeti la mlangoni, vitu vya watoto na nyaya za taa za Krismasi. Ikishafunika, huoni kitu.

2. Kwa nini mashine, wakati mikono ipo?

Tupige hesabu kidogo. Chukua njia yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 12. Hiyo ni mita 36 za mraba. Theluji ya sentimita 15 juu yake inakuwa mita za ujazo 5.4. Theluji mpya na kavu inaweza kuwa na kilo kama 100 kwa kila mita ya ujazo, maana yake una kilo 540 mbele yako, karibu mifuko 11 ya saruji. Ikilowa ikafika kilo 300 kwa mita ya ujazo, unakaribia mifuko 32. Yote hiyo unaiinua kwa beleshi, kwenye baridi, asubuhi, pengine hujanywa hata chai.

Shirika la Moyo la Marekani limekuwa likitoa tahadhari kuhusu jambo hili. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, huku mikono ikidai damu zaidi, na moyo unabanwa pande zote mbili. Walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa moyo, wenye shinikizo la damu na wale wasiozoea mazoezi. Kwa hiyo kijana unayeishi na mjomba au mama mkubwa mwenye umri, kazi hii ichukue wewe. Na ukiisikia bado kifuani, yaani maumivu, kubanwa au pumzi kukata, acha kila kitu na uite msaada.

3. Waya: hapa ndipo wengi wanapoteleza

Huku nyumbani umeme wa ukutani ni volti 230 hadi 240. Marekani na Kanada ni volti 120. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mashine ya wati 1,800 huku kwetu ingevuta ampea 8 hivi. Kule inavuta 15. Na joto ndani ya waya haliongezeki sawasawa na mkondo wa umeme: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Ndiyo maana si kila ekstensheni inafaa. Kule unene wa waya unapimwa kwa geji, na namba zake ziko kinyume na unavyodhani: namba ndogo ni waya mnene. Tuseme umechukua ekstensheni nyembamba ya geji 16, urefu mita 30, ukaichomekea mashine ya ampea 15. Njiani utapoteza karibu volti 12, na waya wenyewe utakuwa unatoa joto la wati 180 hivi, sawa na balbu tatu za zamani za wati 60 zikiwaka ndani ya mpira. Mashine inakosa nguvu, mota inapata joto, na waya unaweza kuungua. Kwa waya wa geji 12 wenye urefu uleule, upotevu ni chini ya volti 5.

Kwa kawaida watengenezaji wanashauri geji 14 kwa mita 15, na geji 12 ukifika mita 30. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, kisome. Mengine ni haya:

- Ekstensheni iwe ya kutumika nje. Kule huandikwa herufi W kwenye ganda lake. Iwe na pini tatu, na ganda lisilokakamaa kwenye baridi.
- Tumia moja tu yenye urefu wa kutosha. Usiunganishe mbili au tatu.
- Ikunjue yote. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea.
- Chagua rangi kali, ya machungwa au njano, uione juu ya theluji.
- Ipitishe kwenye kile kishikio cha waya karibu na mpini, ili ukivuta, plagi isichomoke.
- Ikiwa na mchubuko, itupe. Usifunge kwa selotepu.

4. Soketi nayo ina maneno yake

Chomeka kwenye soketi ya nje yenye kinga ya mshtuko, ile yenye vitufe viwili vidogo katikati. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikikuta tofauti ndogo tu, kama sehemu tano kwa elfu za ampea moja, inakata mara moja, kwa sababu huenda huo uliopotea unapita kwenye mwili wa mtu. Wewe umesimama kwenye maji yaliyoganda, unashika mashine ya umeme. Kinga hiyo unaihitaji. Ijaribu kwa kile kitufe cha majaribio kabla ya kuanza.

Ikikata mara kwa mara, usikimbilie soketi nyingine isiyo na kinga. Inakuambia kuna mahali umeme unavuja. Na kama ndani ya banda la gari kuna hita kwenye laini hiyohiyo, izime kwanza. Mashine peke yake inakaribia kumaliza uwezo wote wa laini.

5. Panga kabla ya kuwasha

Katika Injili ya Luka 14:28 Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa akae kwanza apige hesabu. Wewe nawe simama mlangoni dakika mbili. Soketi iko wapi? Upepo unatoka wapi? Theluji utairushia upande gani?

Kanuni ni hii: anza karibu na soketi, kisha usogee mbali nayo. Ukifanya hivyo waya unabaki nyuma yako, mahali ulipokwisha safisha, wala hauko mbele ya mapanga. Ukianzia barabarani kuja nyumbani, kila hatua unaufuata waya wako mwenyewe, na siku moja utaukuta. Ukifika mwisho wa mstari, geuka kwa upande usio na waya. Ukitaka kuusogeza, achia kwanza swichi ya mpini, mapanga yasimame, ndipo uuvute.

Rusha theluji kule upepo unakoelekea, la sivyo itakurudia usoni. Usiielekeze kwa watu, madirisha wala magari. Vaa miwani na viatu vyenye meno, na skafu ndefu iingize ndani ya koti. Watoto wabaki ndani.

Jambo la mwisho katika kupanga: usisubiri theluji yote ianguke. Utabiri ukisema sentimita 30, toka mara mbili, kila zikifika 15. Mashine ndogo inaweza kazi ndogo iliyorudiwa. Kazi kubwa ya mara moja itaishinda. Na uwahi kabla gari halijapita juu, kwa sababu theluji iliyokanyagwa inashikamana na lami kama saruji.

6. Mashine ikiziba

Jamani, hapa naomba msome polepole. Theluji iliyolowa inaganda ndani ya bomba, na mashine inaacha kurusha. Mtu amechelewa kazini, anaona donge liko palepale, karibu kabisa na mkono. Anaingiza vidole. Kila majira ya baridi kuna watu wanaopoteza vidole namna hii, na wengine walikuwa wameshazima mashine. Mapanga yaliyokwama yanaweza kuwa yamebaki na mvutano kwenye mkanda, na kizuizi kikitoka yanaruka ghafla.

Kwa hiyo: achia swichi. Chomoa plagi. Subiri mapanga yasimame kabisa. Chukua kijiti au kile kipande cha plastiki kilichokuja na mashine, usukume donge litoke. Mkono usiingie hata kama umevaa glavu, hata kama una uhakika. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo inahesabika kwa vidole.

7. Pale waya unapoishia

Ukifika mwisho wa njia yako utakuta tuta. Gari la mji linaposafisha barabara linasukuma theluji pembeni na kuziba mlango wako. Tuta hilo ni gumu, zito, limechanganyika na chumvi na mawe. Mashine ndogo usiilazimishe. Chukua beleshi, livunje kidogokidogo, pinda magoti badala ya mgongo, pumzika katikati. Na usiitupe theluji barabarani. Minnesota, kwa mfano, sheria ya jimbo inakataza.

Kisha kuna njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba. Katika jiji la Minneapolis, wenye nyumba za familia moja au mbili wana saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka kuisafisha. Sheria ipo kwa sababu kuna watu: mtoto anayekwenda kusubiri basi la shule, mleta barua, mtu wa kiti cha magurudumu. Theluji uliyoiacha, wao ndio wataiangukia.

Jirani yako mzee je? Waya wako haufiki kwake, na usijaribu kuunganisha mwingine ufike. Beleshi linafika. Mbishie hodi, safisha ngazi zake, na umuulize kama lile bomba la moshi wa hita ubavuni mwa nyumba liko wazi. Likifunikwa na theluji, hewa ya monoksidi ya kaboni inaweza kurudi ndani, nayo haina harufu. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na inaweza kuwa uhai wa mtu.

Ukimaliza, acha mashine izunguke sekunde chache itoe mabaki, chomoa, futa maji, na uutundike waya mahali pakavu.

Maswali ya kujitafakari

1. Ni kazi gani ninayoianza kila mara bila kujua soketi iko wapi, yaani bila kujua nguvu yangu inatoka wapi na inaishia wapi?
2. Ni wapi haraka yangu imezoea "kuingiza mkono", ingawa naijua hatari?
3. Nani anaishi hatua chache tu nje ya mwisho wa waya wangu, nami sijambishia hodi?

Zoezi la wiki: ulioko kwenye theluji, soma geji ya ekstensheni yako leo, kabla ya kuihitaji. Uliyeko huku nyumbani, mtumie ndugu yako somo hili, kisha mpigie simu umuulize kama amelisoma.

Mungu awalinde, mikono yenu na mioyo yenu.

Ni mimi, frateri wenu.