Umetoka Jela na Unataka Kazi ya Chipsi

Kama umewahi kufungwa na unatafuta kazi Nairobi, usilidharau jiko la chipsi na kuku. Wafanyakazi huko huja na kuondoka, joto la mafuta haliwezwi na kila mtu, na zamu ya usiku kando ya Tom Mboya au River Road haigombewi na wengi. Mwenye duka aliyebaki na mpishi mmoja Ijumaa jioni anahitaji mtu wa kusimama penye karai, na anamhitaji leo. Hapo ndipo ulipo mlango wako. Ili uingie bila kutolewa baada ya wiki moja, kuna maandalizi, na mengi yake hufanywa kabla hujamsalimia bosi yeyote.

Kwanza jua faili lako linasema nini. Omba mwenyewe cheti cha tabia njema: unaingia eCitizen, unalipa ada, ambayo imezoeleka kuwa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, kisha unaenda Huduma Centre au makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu kuchukuliwa alama za vidole. Wengi huiogopa hatua hii wakidhani wanajichongea. Rekodi ikiwa ipo, ipo hata usipoiomba. Tofauti ni kwamba utaijua kabla ya mwajiri kuijua, na utakuwa na muda wa kufikiri utakachosema.

Halafu kuna wanaobebeshwa mzigo usio wao, na hili linaniuma. Kesi yako ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, ukiachiliwa chini ya kifungu cha 210 kwa kutokuwa na kesi ya kujibu, au chini ya 215 baada ya pande zote kusikizwa, basi hukupatikana na hatia. Lakini alama zako zilichukuliwa uliposhtakiwa, na faili linaweza kuendelea kuonyesha shtaka bila kuonyesha lilivyoisha. Nenda masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi ukiwa na nambari ya kesi, omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, uipeleke DCI ili rekodi irekebishwe. Baki na nakala yako. Usimwombe bosi msamaha kwa kosa ambalo mahakama haikukutia hatiani.

Kuhusu vijana wanaozunguka wakiahidi kukusafishia cheti kwa elfu chache: wapite. Kughushi hati, chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 3. Ukinaswa na cheti bandia, kosa la zamani lililokuwa linaanza kusahaulika limepata mwenzake.

Sasa chagua mahali pa kuomba. Kampuni kubwa zenye matawi kwenye maduka makubwa ya mjini huwa na ofisi ya wafanyakazi, na ofisi hiyo mara nyingi hudai cheti cha tabia njema pamoja na karatasi nyingine. Kikiwa na doa, anayesoma fomu yako hana sababu ya kukuita. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, dini, ulemavu na mingineyo, lakini rekodi ya jinai haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo usitegemee ngao hapo. Ushauri wangu ni kuanza na duka ambalo mwenyewe yupo, yaani lile ambalo mama au mzee anayelimiliki ndiye anayehesabu pesa jioni. Yeye anaweza kukutazama usoni akaamua. Kampuni kubwa ziache za mwaka ujao.

Usiende mikono mitupu. Chukua cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachotolewa na idara ya afya ya kaunti baada ya kupimwa, choo kikiwa miongoni mwa vipimo. Hudumu miezi 6. Maafisa wa afya wakiingia dukani, mfanyakazi asiye nacho humletea bosi matatizo, na wengi huja kuomba kazi bila hicho. Ukikitoa mfukoni umekwisha kumwondolea mwenye duka gharama na hofu moja. Kama ulifanya mtihani wa ufundi wa NITA ukiwa gerezani, beba cheti chake pia. Na kama ulikuwa chini ya afisa wa probesheni, mrudie umwombe barua au ruhusa ya kumtaja kama mtu anayekujua. Maafisa hao huulizwa mambo kama haya, na neno lao lina uzito kuliko la binamu yako.

Saa ya kwenda ina maana. Saa saba mchana foleni imefika mlangoni na utafukuzwa kama inzi. Nenda saa nne asubuhi viazi vikimenywa, au saa kumi alasiri wateja wakiwa wamepungua. Ulizia mwenye duka, wala usimwachie ujumbe kijana wa kaunta.

Wapo wanaoshauri unyamaze mpaka uulizwe. Mimi sikubaliani nao. Nairobi ni kubwa, lakini mtaa ni mdogo, na habari zako zitafika kupitia mdomo wa mtu asiyekupenda. Afadhali zifike kupitia wako, mapema, kwa ufupi. Usizitangulize kabla ya jina lako, bali zungumza kazi kwanza. Akishaonyesha nia, sema kitu cha namna hii:

“Mama, kabla hujaniandika kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Mwaka 2021 nilipatikana na hatia ya kuiba simu, nikafungwa, nikamaliza. Tangu nitoke nimekuwa nikiosha vyombo kwenye hoteli ya pale sokoni, na mwenyewe amekubali umpigie simu. Sikuombi kaunta, naomba jikoni. Nipime siku mbili.”

Tazama kilichomo: kosa limetajwa kwa jina lake, mwaka upo, adhabu imekwisha, kuna mtu wa kuulizwa. Wakili mbaya, marafiki wabaya na askari waliokuonea hawamo, hata kama yote ni kweli. Kisha nyamaza umwache afikiri. Akikataa, mshukuru na umwachie nambari yako. Mpishi wake anaweza kuacha kazi Jumapili.

Ombi la jikoni nimeliweka makusudi. Kama kosa lako lilihusu wizi, kaa mbali na pesa miezi ya kwanza, kwa faida yako mwenyewe. Siku hizi wateja wengi hulipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye till ya duka, hivyo mpishi anaweza kumaliza zamu nzima bila kugusa noti.

Ukipewa siku za kupimwa, jua macho ya bosi yanatazama nini. Gunia la viazi la kilo 50 ni pesa yake, na maganda mazito ni pesa inayotupwa. Menya juujuu na ukate vipande vya unene mmoja ili viive pamoja. Viloweke kwenye maji kutoa wanga, kisha uvichuje vikauke kabla ya kuvitia kwenye mafuta. Maji yakiingia karaini mafuta hufoka na kuchoma mkono. Usijaze karai kupita kiasi, maana mafuta hupoa na chipsi hutoka zikiwa zimelegea na kunywa mafuta. Kati ya mkupuo na mkupuo, opoa makombo yaliyobaki chini, kwa kuwa ndiyo yanayoungua na kuyafanya mafuta yawe meusi mapema. Mwenye duka akiona unaopoa makombo bila kuambiwa, ataanza kukuuliza unakaa mtaa gani na unafika kazini kwa njia gani.

Kisha itakuja siku kitu kitapotea, na wa kwanza kutazamwa utakuwa wewe. Inaumiza, na ni vyema uijue mapema ili isikukute na hasira. Kinga yake ni daftari la shilingi chache. Unapopokea zamu, hesabu mbele ya anayeondoka na mwandike nyote wawili: kuku 12, robo 48, mafuta lita 20, gunia moja na nusu la viazi. Unapomaliza: robo zilizouzwa 41, zilizobaki 7. Sahihi mbili, tarehe, saa. Mfuko wako uweke mahali panapoonekana na usiuingize jikoni. Chakula unachopewa kula kiandikwe vilevile. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hakujapotea chochote. Ukianza baada ya mzozo, utaonekana unajificha nyuma ya karatasi.

Huenda ukalipwa kwa siku mwanzoni. Weka kumbukumbu ya kila siku uliyofanya kazi, kwa sababu kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamtambua kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Huhitaji kumtishia mtu kwa kifungu hicho. Kukijua kunatosha kukufanya uulize kwa adabu mwezi wa pili, “Mama, sasa mimi ni wa siku au wa mwezi?”

Na siku utakayoondoka, hata kama mmekosana, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Kitaonyesha kazi uliyofanya, ulipoanza na ulipoishia. Ukienda kuomba kazi kwenye zile kampuni za matawi mengi, kiambatanishe na cheti cha tabia njema, kiwe juu yake.